Aliyeiponya Kompyuta ya Mwalimu Mwasiti

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ile ya fisi kuoa, nasema zamani ya juzi tu, umeme umekwisha kufika na watu wamekwisha kuanza kuulalamikia, palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, jina lake Mwasiti. Alikaa katika mji mdogo wa vumbi jekundu nyuma ya vilima vya Kondoa, na katika mtaa wake mzima palikuwa na kompyuta moja tu ya nyumbani. Kompyuta hiyo ilikuwa yake. Usingeweza kukaa naye dakika tano bila kuambiwa.

Wala mimi simlaumu. Kompyuta ile ilinunuliwa na mumewe, Salehe, na ndani yake mlikuwa na kazi ya miaka kumi na minane: maneno ya wazee wa kwao, maneno elfu tatu na mia mbili, ya ng'ombe na mvua na ukoo na mapishi, maneno ambayo vijana wa leo ukiwatamkia wanadhani umepiga chafya. Salehe alizunguka kwa wazee na daftari lake, akirudi Mwasiti anachapa. Mume kalamu, mke kibodi. Salehe alifariki kitabu kikiwa kimefika herufi U.

Sasa, kitabu chochote cha heshima kina ukurasa mmoja pale mbele, ukurasa wa tabaruku, mwandishi anapomtaja mtu anayemtunukia kazi yake. Mwasiti aliuacha ukurasa huo mtupu, na kila mtu alijua anamwekea nani. Litakuwa jina moja tu, alisema. Tabaruku yenye majina mengi ni orodha ya mahudhurio.

Sikilizeni na habari ya joho. Mwasiti alipokaa eda, mama mkwe wake alihamia kwake ili asiwe peke yake. Huyo ni Bi Kidawa, mama mzazi wa Salehe, mwenye miaka themanini na minne. Bi Kidawa hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alichukua sindano ya kroshia na uzi mweupe, akafuma. Asubuhi anafuma, jioni anafuma, miezi minne na siku kumi. Eda ilipokwisha akaleta joho la kompyuta. Lilifumwa maua, likatiwa bitana ya satini ya kijani ili vumbi lisipenye, likapimwa kwenye boksi la kompyuta kama mtu anavyopimwa kanzu. Nyuma lilikuwa na kamba mbili za kufungia, mbele tundu moja la kupitisha kidole cha kuwashia.

"Mwanangu aliipenda mashine hii," akasema. "Isikae uchi."

Mwasiti akalia, akaivisha. Na nyie mnajua nyumba zetu. Redio ina kitambaa chake, kochi lina chake, hata friji lina chake, lakini kitambaa hiki kilikuwa sultani wa vitambaa vyote. Wageni walilisifu joho kwanza, ndipo wakauliza hali ya mjane. Bi Kidawa alikuwa akisikia sifa hizo kutoka mkekani kwake, anatazama pembeni kama hasikii, na sindano inakwenda mbio zaidi.

Basi, Mwasiti akarudi kazini, na kompyuta ikaanza kuzima.

Anachapa neno, pu! Kioo cheusi. Anawasha, anachapa maneno matano, pu! Kioo cheusi. Angeipeleka kazi steshenari ya mjini, lakini kompyuta za pale zilijaa virusi. Ziliwahi kula tangazo la maulidi, na watu wakaja siku siyo. Na muda ulikuwa umebana. Kiwanda cha uchapaji cha Dodoma kilikuwa kimemwambia: "Mwalimu, itume kwa mtandao, itufikie Alhamisi kabla ya saa kumi alasiri. Ikipita hapo, mashine zetu zinaingia kwenye vitabu vya shule. Tuonane mwakani."

Mwakani! Katika wazee waliotoa maneno yale, kumi na mmoja walikwisha kwenda. Bi Kidawa peke yake alikuwa ametoa maneno mia nne, na macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Mwasiti alitaka kukitia kitabu kile mikononi mwa mama yule angali anaona. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Ilikuwa Jumapili mchana, watu wamekuja kusalimia. Joho lilikuwa limefuliwa, liko kambani uani linakauka, na kompyuta imekaa wazi. Mwasiti anamalizia ukurasa, pu! Kioo cheusi. Maneno ishirini yamepotea. Hapo mwalimu, aliyefundisha subira darasani miaka thelathini na tano, subira yenyewe ilimwishia. Akasimama mbele ya watu wote, akasema:

"Wallahi, atakayeiponya kompyuta hii, jina lake ndilo nitakaloliandika kwenye tabaruku!"

Watu wakatazamana. Bi Kidawa akainua uso mkekani. Mwasiti alitamani kuyarudisha maneno yake, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hakuwa mtu wa kuapa halafu akajikanusha.

Jumatatu akaja wa kwanza. Alikuwa shemeji yake, Hemedi, mdogo wake Salehe, fundi umeme aliyefunga nyaya za nusu ya mji ule. Alikuja na testa ya kupimia umeme imechomekwa sikioni kama karani na kalamu yake.

"Shemeji," akasema, "ugonjwa wa kompyuta huanzia ukutani. Nionyeshe inapokula."

Akalivua joho, akalikunja kwa adabu, akaliweka kitini. Hakuigusa kompyuta kwanza. Alishika plagi, akaitikisa kidogo, pu! Kioo cheusi. Akacheka kwa furaha ya fundi. Akafungua soketi ya ukutani. Mle ndani vyuma vilikuwa vimelegea, na waya mmoja umeungua mpaka umekuwa mweusi.

"Umeona? Akipita mtu kwa kishindo, umeme unakatika. Na siku moja hapa pangewaka moto, shemeji. Nyumba, kitabu, na wewe mwenyewe."

Soketi za dukani hakuziamini. Alirudi kwake, akang'oa soketi ya ukuta wa sebuleni, ile ya televisheni yake, akaja kuifunga kwa Mwasiti. Wanawe walinuna wiki nzima. Akaitikisa tena plagi, kompyuta haikustuka.

"Imepona!" akasema Hemedi. "Na tabaruku usikosee herufi za jina langu."

Mwasiti akashukuru kwa moyo wote. Akaivisha kompyuta joho lake, akafunga kamba mbili, akakaa kuchapa. Saa yake ya mkononi ya kiualimu ilihesabu dakika thelathini. Ndipo feni ya ndani ikaanza kuvuma. Ikavuma, ikavuma, ikanyamaza. Kioo cheusi. Na safari hii hata akibonyeza haiwaki, mpaka ipumzike kwanza.

Jumanne akaja wa pili. Huyu hakuwa ndugu. Alikuwa Mboni, fundi cherehani aliyepanga chumba cha jirani, mwanamke wa maneno machache. Aliweka cherehani yake barazani, ukuta mmoja na kompyuta.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeisikia inavyovuma. Sauti ile naijua, ni ya mashine iliyokabwa."

"Ulishafungua kompyuta wewe?"

"Sijawahi. Lakini cherehani nimefungua tangu nikiwa mwari. Mashine zote hufa kwa vumbi na nyuzi."

Mboni akalivua joho, akalikunja kwa adabu, akaliweka kitini. Akachomoa umeme, akafungua skrubu nne. Lahaula! Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma ya kupoozea joto kama tope kwenye kwato. Akachukua brashi yake ya cherehani, ile ndogo, akasafisha pezi moja moja, jino moja moja, tangu asubuhi mpaka adhana ya Adhuhuri. Wateja wawili walikuja kufuata sare za watoto, akawaambia njooni kesho, na wote wawili wakachukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine.

Halafu Mwasiti akaona jambo. Mboni alibana kitu kati ya vidole viwili, nyuzi laini nyeupe. Akazifikicha. Akatazama kitini. Akatazama mlangoni, ambako Bi Kidawa alikuwa amekaa anabambua karanga. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Kuna nini?" Mwasiti akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Vumbi tu."

Na Mwasiti, mimi nitasema kweli hata kama ninampenda, hakuuliza mara ya pili.

Kompyuta ikawashwa, feni ikazunguka kimya. Fahari ikamjaa Mboni usoni hata akajifunika kwa ncha ya kanga. "Imepona, Mwalimu," akasema. "Kwetu hakuna aliyewahi kuandikwa kitabuni."

Mwasiti akashukuru kwa moyo wote. Akaivisha kompyuta joho lake, akafunga kamba mbili, akakaa kuchapa. Nusu saa ikapita, kompyuta inakwenda. Saa nzima ikapita, inakwenda. Saa moja na robo, feni ikaanza kuvuma. Ikavuma, ikavuma, ikanyamaza. Kioo cheusi.

Jumatano mchana Mwasiti alikuwa katika herufi W, na kompyuta imezima mara mbili tangu asubuhi. Alilaza kichwa juu ya meza. Bi Kidawa akaja taratibu na fimbo yake, akaweka kiganja juu ya joho, kama mama anavyopima paji la uso la mtoto. Akakiacha pale.

"Mkwe wangu, hii ina homa."

"Ndiyo, Mama."

"Imeanza lini homa hii?"

Mwasiti akalitazama joho.

"Nimekuuliza. Imeanza ilipovishwa joho langu?"

Mwasiti akainamisha macho. Bi Kidawa akashusha pumzi.

"Mimi mtu angenivika sweta lenye bitana katika jua la Kondoa, nisingefika hata hiyo saa moja na robo," akasema. "Nyinyi nyote mmelivua, mmelikunja, mmelirudisha. Hakuna aliyejua?"

"Niliogopa kulijua, Mama," akasema Mwasiti. "Ulilifuma wewe. Ulilifuma katika msiba wake."

"Mkaniacha niizibe pumzi mashine ya mwanangu, kwa heshima! Heshima gani hiyo ya kuniacha nibaki mjinga?"

Akainama nyuma ya boksi, akafungua kamba ya kwanza. Ya pili ilikuwa imekaza, vidole vyake havikuweza. Mwasiti akanyoosha mkono amsaidie, akapigwa kofi dogo kiganjani. "Acha. Nililifuma mimi." Akaikata kwa kisu cha vitunguu. Akalivua joho, akalikumbatia kifuani, na hapo kwa mara ya kwanza tangu mazishi watu wa nyumba ile wakamsikia Bi Kidawa akilia kwa sauti. Alilia mpaka akatosheka. Kisha akajifuta, akasema, "Haya, chapa."

Mwasiti akachapa. Akachapa Jumatano mpaka jua likachwa, kompyuta inapumua. Akaamka Alhamisi, akachapa, na ilipofika saa nane mchana akaweka nukta baada ya neno la mwisho. Maneno elfu tatu na mia mbili. Alisimama akaufungua mlango akapiga kigelegele peke yake, mwalimu mzima, mtaa mzima ukamsikia. Nani angemkataza? Ilikuwa haki yake.

Kigelegele kile kiliwaleta watu. Saa tisa walikuwa wamejaa sebuleni, na kitabu kilikuwa tayari kutumwa, kimebakiwa na ukurasa mmoja mtupu. Mwasiti akasema, "Niliapa, na kiapo changu kipo. Kila mwenye dai aseme."

Hemedi akasimama kwanza.

"Dai ni langu. Jumapili joho lilikuwa kambani, kompyuta iko uchi, na bado ikazima. Mlisahau? Ugonjwa wa kwanza ulikuwa ukutani, na mimi ndimi niliyeutoa. Wengine wameongeza saa za kuchapa. Mimi nimezuia moto. Kitabu kikiungua, tabaruku mngeiandika kwenye majivu?"

Watu wakasema, "Kweli."

Lakini Mboni akasema kutoka mlangoni, "Kaka Hemedi, ulipomaliza ulisema imepona, ukaenda zako. Haikupona. Ilidumu nusu saa."

"Na wewe je? Saa moja na robo ni kupona?"

"Siyo. Lakini sikilizeni dai langu. Vumbi lile lisingetoka, mngeivua nguo mpaka kesho na bado ingekabwa. Nimepoteza wateja wawili. Na sikufanya kwa undugu, maana kwenu sina undugu. Nyuzi za joho nilizikuta kwenye feni. Nilikuwa wa kwanza kuujua ugonjwa wa mwisho."

"Ulijua ukanyamaza!" akasema Hemedi.

"Mpangaji amwambie mama wa watu kwamba kazi ya mikono yake inaua? Wewe mwanawe mbona hukusema?"

Hemedi akakohoa, akatazama testa yake. Watu wakacheka, kisha wakasema, "Na hilo nalo kweli."

Bi Kidawa akagonga fimbo sakafuni. "Mimi nami nadai," akasema, "tena nadai kwa sauti. Mmoja ametoa soketi, mmoja ametoa wateja wawili. Mimi nimetoa nini? Joho lile lilikuwa kilio changu. Nimelivua mwenyewe, nimekata kamba mwenyewe. Mashine haijazima tangu mkono wangu uiguse. Kiapo kilisema aliyeiponya, hakikusema aliyeipunguzia."

"Shikamoo, Bibi," akasema Mboni kwa upole, "na unisamehe. Mtu akikukanyaga shingo, kisha akaondoa mguu, unampa zawadi kwa kuuondoa?"

Mwasiti alihofu mama mkwe wake angekasirika. Lakini Bi Kidawa alimtazama yule mwanamke, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na mwenzake.

"Hilo ungeniambia Jumanne, ningekuvisha mimi mwenyewe joho," akasema. "Uliuona mguu, ukaiacha shingo." Kisha akamgeukia Mwasiti. "Nasema wazi, mkwe wangu, nisije nikaitwa mjanja. Ukinipa ukurasa ule, mimi sitaki jina langu. Andika Salehe."

Moyo wa Mwasiti ukaruka. Ndilo jina alilokuwa akilitaka tangu mwanzo. Lakini Hemedi alikuwa amekwisha kusimama tena, na safari hii hakuzungumza kama fundi.

"Mama, Salehe Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilimpenda. Lakini marehemu hakuponya kitu. Miaka yote katika nyumba hii ni Salehe, Salehe. Mara moja tu mimi nimefanya jambo, na bado anapewa yeye?"

Bi Kidawa akamtazama mwanawe aliye hai. Simu ikalia. Alikuwa mtu wa kiwanda: "Mwalimu, imebaki robo saa, vipi?"

"Inakuja," akasema Mwasiti. "Limebaki jina."

Akakaa. Akafungua ukurasa wa tabaruku. Nyuma ya kiti chake walisimama watatu, na kila mmoja alikuwa amenyoosha shingo kwa fahari, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuinyoosha. Aliapa mbele ya watu kwamba ni jina moja. Akachapa neno la kwanza, "Kwa", na vidole vyake vikasimama hapo. Alijua akiandika Salehe mkono wake utakuwa mwepesi, na alijiuliza kama wepesi ule ni haki au ni mapenzi tu.

Mimi nimewafikisha pale, na dakika zile kumi na tano hazikuwa zangu, zilikuwa zake. Lakini nyie mmekaa, mmeshiba, na hakuna kiwanda kinachowapigia simu. Mpeni jibu mwalimu wa watu. Hemedi aliyeizuia nyumba isiungue, akadhani amemaliza. Mboni aliyesafisha jino moja moja, akajua, akanyamaza. Bi Kidawa aliyeiziba mashine pumzi, kisha akaiponya, na anayetaka kumpa ukurasa mwanawe aliyekufa, mwanawe aliye hai akitazama.

Je, baada ya neno "Kwa", nani alistahili?